Jiko la Kambi Chumbani Kwetu

Mimi nilizaliwa Kinangop, mahali ambapo mwezi wa saba unaamka unakuta sakitu imelala juu ya kabichi, nyeupe kama mtu amemwaga chumvi. Nalisema hili mapema kwa sababu ndilo lililoniponza. Mtu aliyezaliwa kwenye baridi huwa na kiburi chake. Ukimwambia kuna baridi anakutazama kama anavyotazamwa mtoto aliyelia kwa kukwaruzwa na mwiba.

Nina miaka kumi na minne hapa Doha, dereva wa nyumbani, nyumba moja tu tangu nije, huku Muaither. Ni watu wazuri, siwezi kusema vingine. Mwenye nyumba tunamwita Baba ingawa nimemzidi miaka mingi, na mkewe tunamwita Mama. Ndiyo desturi. Ukishazoea huoni ajabu kumwita Baba kijana ambaye wewe mwenyewe ulimwendesha siku ya harusi yake.

Chumba chetu kiko nyuma, kando ya lango la magari. Tulikaa wawili, mimi na jamaa mmoja wa Kwale ambaye kazi yake ilikuwa haris, yaani mlinzi wa lango. Alikesha langoni usiku na kulala mchana. Mimi nafanya kazi mchana na kulala usiku, kwa hiyo tulikuwa tunapokezana chumba kama watu wanaopokezana jembe. Saa za kukutana zilikuwa asubuhi, chai ya asubuhi, na hapo ndipo tulipotaniana. Yeye aliniita mzee wa viazi. Mimi nilimwita bwana harusi, kwa sababu hata akienda kutupa takataka alijipaka manukato.

Baridi ya hapa kwa kawaida ni ya kuvaa sweta asubuhi na kulivua saa nne. Wenyeji huifurahia. Wanabeba mahema wanakwenda jangwani kupiga kambi, na mimi ndiye ninayepakia gari: mazulia, mabirika, magunia ya makaa, na jiko kubwa la chuma la miguu minne ambalo hukaa katikati ya hema na watu wakalizunguka kwa kahawa. Lakini ya mwaka huu haikuwa baridi ya sweta. Ulianza upepo wa kaskazini, siku tatu, upepo wa kukata masikio. Ukafuata mvua, na jioni moja ikaanguka mvua ya mawe, watoto wa nyumba wakawa wanayaokota kwa vikombe na kuyatia kwenye friji kana kwamba yataisha duniani.

Nyumba za hapa zimejengwa kwa ajili ya jua. Sakafu ni ya vigae, miguu inauma kama umekanyaga mto wa alfajiri. Mashine iliyo ukutani inajua kitu kimoja tu, kupoza. Maji yalipita pembeni mwa mashine hiyo yakaloweka kitanda changu. Basi tukaziba. Tulifunika mashine kwa nailoni na utepe, tukajaza nyufa za dirisha kwa magazeti, na chini ya mlango tukakunja kanzu kuukuu tukaisukumiza. Mwenzangu ni mtu wa kazi safi. Alipomaliza, nilishika kibiriti kinachowaka karibu na dirisha na moto haukutikisika. Tukajisifu.

Siku hiyohiyo Mama alinisimamisha uani, amejifunika shali mpaka puani, akaniuliza kama huko nyuma kuna baridi. Nikacheka. Nikamwambia kwa Kiarabu changu cha kuokota barabarani kwamba hakuna baridi, mimi ni mtu wa mlima. Akacheka pia, akaingia ndani. Baadaye nilikuja kuona kwamba stoo ya juu ilikuwa na blanketi nzito saba na hita mbili za umeme, mpya, ndani ya maboksi. Nilijibu kwa niaba ya watu wawili, na yule mwenye kutetemeka hakuulizwa.

Sasa asubuhi yenyewe. Mwenzangu alirudi kutoka langoni amelowa, meno yanagongana, macho mekundu. Alikuwa na homa. Nilimpa chai ya tangawizi akashindwa kushika kikombe. Akajilaza na nguo zake, na juu yake nikamtupia blanketi langu lililosalia kavu.

"Mzee wa viazi," akasema, "huku ni kufa."

"Hufi. Kwetu baridi hii watoto wanaenda shule peku."

"Ndiyo maana wote mna miguu kama mihogo."

Nikamwambia ngoja nikuonyeshe jinsi watu wa kwetu wanavyoishi. Kambi ilikuwa imeahirishwa kwa sababu ya mvua, jiko na makaa viko kwenye banda la gari. Niliwapeleka watoto shule na kumaliza kazi za asubuhi, kisha karibu na adhuhuri nikaliwasha hapo bandani. Nilisubiri vizuri, sikufanya haraka, maana hata mjinga anajua makaa mabichi yana moshi na moshi unaua. Nilingoja mpaka yakaiva yote, mekundu, hayana moshi hata wa kufukiza nzi. Hivyo ndivyo mama yangu alivyofanya, na hivyo ndivyo nilivyofanya mimi nikiwa na mke na watoto, na hakuna aliyekufa. Lakini nyumba ya mama yangu ilikuwa ya mbao, na kati ya ubao na ubao uliweza kupitisha kidole. Hilo sikulifikiria. Ilikuwa nyumba inayopumua, na mimi nilikuwa nimetoka kuziba chumba mpaka kikawa chupa.

Nilipoingia na jiko, mwenzangu aliinua kichwa.

"Hapana, mzee. Moto usiuingize. Nitafutie blanketi lingine tu."

"Unaogopa jiko?"

"Naogopa moto kwenye chumba kidogo. Litoe, tafadhali."

"Wewe lala, bwana harusi. Mambo ya baridi niachie mimi."

Akageukia ukuta. Hakuwa na nguvu ya kubishana. Nimeyaandika maneno hayo kama yalivyosemwa kwa sababu mimi peke yangu ndiye niliyebaki nayo.

Nilikaa pale na jiko kama saa nzima, nikianika soksi. Kichwa kikaanza kunigonga, nikasema mafua ya huyu bwana yamenikuta. Saa ya kuwafuata watoto shule ikafika. Nilipotoka nilivuta mlango taratibu, kisha nikainama nikairudisha kanzu chini yake kwa nje, kwa vidole, ili joto lisitoke.

Barabara ilikuwa bahari. Huwa tunatumia nusu saa, siku ile nilitumia saa nzima kufika shuleni. Niliwapakia watoto, wawili, wa kike na wa kiume, nikageuza. Kioo cha upande wangu nilikiteremsha kidogo kwa sababu ya kile kichwa. Upepo ukanipiga usoni, na baada ya muda nikaona ajabu: kichwa kinapona. Mafua hayaponi kwa upepo wa baridi.

Tulipofika penye njia ya chini ya daraja magari yote yalikuwa yamesimama, mbele maji yamefika milangoni. Nikiwa pale, mtoto wa kike analalamika kwamba kaka yake amekula biskuti yake, yalinijia yale ya vifaranga. Mke wangu, Mungu amrehemu, aliwahi kununua vifaranga mia moja vya siku moja. Ukaja wakati wa baridi, tukavizungushia maturubai kila upande na katikati tukaweka jiko la makaa yaliyoiva vizuri. Asubuhi vyote vimelala, vimenyoosha shingo, havina kidonda. Tulisema ni ugonjwa. Afisa wa mifugo alipokuja aliangalia yale maturubai akatwambia, mmeviua nyinyi, makaa hula hewa hata bila moshi. Mke wangu alilia siku mbili. Mimi nilimwona yule afisa ni mtu wa maneno mengi, na nikasahau. Miaka ishirini na zaidi nilisahau, nikaja kukumbuka ndani ya gari, maji mbele na magari nyuma.

Nilimpigia mwenzangu. Simu ililia mpaka ikakatika. Nikapiga tena. Hulala ameizima sauti, najua. Nikampigia mpishi.

Mpishi wetu ni mama wa Kiganda, mwenye umri wa binti yangu wa kwanza, mtu wa kanisa. Ndani ya nyumba ile kuna sheria moja ambayo haina msamaha: wanawake wa ndani hawakanyagi chumba cha madereva, kwa lolote. Aliyekuwapo kabla yake alipandishwa ndege kwa kosa hilo, naye alikuwa ameenda kuomba chaja tu. Na juu ya mlango wetu kuna kamera.

"Dada," nikamwambia, "nenda chumbani kwetu sasa hivi. Fungua mlango, mtoe yule nje."

"Mzee, huko mimi siruhusiwi. Unajua."

"Najua."

"Kamera ipo."

"Najua, dada. Nimemwachia jiko la makaa ndani. Anakufa."

 Hakukata simu, nadhani aliitia mfukoni mwa aproni, kwa sababu nilisikia mlango wa jikoni, nikasikia mvua, nikasikia ndara zake zikipiga maji. Nikasikia anamwita. Akamwita tena kwa sauti nyingine. Watoto nyuma yangu walikuwa wamehamia kugombania dirisha. Nikawaambia wanyamaze, na ilikuwa mara ya kwanza kuwapandishia sauti, wakanyamaza wakanitazama kwenye kioo. Nikasikia kitu kizito kinaburutwa, na yule mama anahema, anasema kwa Kiganda maneno ambayo sidhani ni ya kanisani. Halafu mvua tu, muda mrefu.

"Mzee," akasema mwishowe. "Anapumua. Lakini nikimwita haitiki."

"Mwite Mama."

"Nimeshamwita. Anakuja, hata viatu hajavaa."

Gari la wagonjwa lilifika kabla yangu. Mimi nilitoka kwenye yale maji baada ya saa mbili, nikakuta mlango wa chumba chetu uko wazi, jiko liko nje limejaa maji, na kanzu ile kuukuu imelala kwenye matope pale miguu ya mwenzangu ilipoburutwa juu yake.

Mwenzangu alinusurika. Siku kumi hospitali, wakamwekea hewa, akarudi. Mpishi hakufukuzwa. Mama hakugusia sheria wala kamera. Kesho yake alileta hita na blanketi mwenyewe, akaziweka mlangoni, akaniangalia, akaondoka. Angenitukana ningelala vizuri zaidi. Baba aliniuliza nani aliingiza moto, nikamwambia mimi. Akasema jiko lisionekane tena karibu na nyumba.

Lakini kichwa cha mwenzangu hakikurudi chote. Ya zamani anayo, mpaka jina la mwalimu aliyemchapa. Ya jana hayakai. Anaweka ufunguo mfukoni na kuutafuta kutwa nzima. Vidole vinatetemeka kwenye vifungo. Kazi ya lango haiwezi, wanamtengenezea karatasi za kurudi nyumbani. Na jambo moja limemkaa, sijui aliambiwa na nani pale hospitali: kwamba dereva alipiga simu, na yeye akaokolewa. Basi ananishukuru.

Nilimwambia. Nilikaa kitandani kwake nikamwambia yote, jiko, kanzu, kila kitu.

"Nilikukataza?" akauliza.

"Ulinikataza."

"Basi wewe mzee ni mjinga," akasema, na machozi yakamtoka.

Usiku huo nililala. Asubuhi, kwenye chai, akaniambia, "Mzee wa viazi, bila simu yako mimi ningekuwa udongo." Nikamwambia tena. Akauliza tena, nilikukataza, na machozi yakamtoka vilevile, upya, kama hajawahi kusikia. Siku ya tatu nilifungua mdomo nikaufunga. Nilikuwa namtonesha kidonda kilekile ili mimi nipate usingizi.

Mpishi ndiye aliyenitoa hapo. Nilikuwa nachukua sahani dirishani akaniambia bila kuinua macho, "Mwambie mke wake, Mzee. Yeye kichwa chake ni kizima."

Nilimpigia mkewe huko Kwale. Alipojua ni mimi akaanza dua, baba, Mwenyezi Mungu akulipe kheri, umenirudishia mume. Nilimwacha amalize, kisha nikamwambia kama nilivyoandika hapa, hata la kwamba mumewe alikataa. Nikasikia kuku, nikasikia mtu anatwanga. Akakata.

Siku mbili baadaye alipiga simu ya mumewe, akamwambia anipe mimi. Nikatoka nayo nje.

"Baba, nilikusikia," akasema. "Sina la kukwambia. Sitakulaani na sitakushukuru tena."

"Nimekubali, mama."

"Ila usimwambie tena. Anarudi kwangu hana kazi, hana kichwa. Akisema huko ana rafiki, mwache awe naye."

Nikamwambia sawa. Nikaingia ndani, nikamrudishia simu yake.

Karatasi hazijakamilika. Baridi bado ipo, asubuhi tunakaa karibu na hita. Ananishukuru karibu kila siku, nami naitika. Jana alinishukuru mara mbili, ya pili nikiwa namfunga vifungo vya koti.