Chai ya Mikono Miwili

Juzi niliona kwenye simu kichwa cha treni ya kuchezea kimepinduliwa ili chapa ya kiwanda ionekane, wakusanyaji wakikigombania. Nikakumbuka alasiri moja kwetu Voi. Mgeni alikipindua kile cha marehemu babu, akasoma chini ya tumbo lake, akakinusa, kikinuka mafuta ya mashine.

"Bati tu hili, mama. Niachie nikutupie."

Mama akamletea chai inayofuka, imejaa mpaka ukingoni.

"Karibu baba, shika kwa mikono miwili."

Ikambidi aiweke treni mezani. Nilidhani mama anamkirimu, kumbe alikuwa akiifunga ile mikono. Mgeni alipoinua macho kutoka kikombeni, meza ilikuwa tupu.

"Bati gani hunuswa hivyo?" mama alimuuliza, akilikaza fundo la leso yake lililotuna.