Malkia wa Chuma Akaa Kitini

Umma unatangaziwa, kwa majonzi na taadhima, kwamba Malkia wa Chuma, amiri jeshi wa mitambo mirefu kama maghorofa na mwangamizi wa sayari tatu na nusu, amekaa kitini. Kiti chenyewe ni cha kukunja. Amekikalia tangu sehemu ya kumi na tatu ya katuni yake, ndani ya chumba kitupu chenye balbu moja, na haonyeshi dalili ya kuinuka. Wafiwa ni watoto wote wanaorudi kutoka shule saa kumi jioni, pamoja na baba zao wanaojifanya wanasoma gazeti.

Lakini aliyeguswa na msiba huu kuliko wote alikuwa Bi Mayowe, maana sauti ya Malkia ilikuwa yake.

Jina hilo alipewa kazini, naye hakuligombea kwa kuwa lilikuwa la haki. Kwa miaka kumi na sita alikuwa akiingiza sauti katika katuni za Kijapani kwenye studio ya kituo cha televisheni, chumba cha ghorofa ya pili kilichofunikwa magodoro kuta zote ili honi za barabarani zisiingie. Wenzake walipewa maneno, yeye akapewa kelele. Mwanamke akitumbukia shimoni, ni yeye. Umati ukikimbia moto, nusu ya umati ni yeye. Aliwahi hata kuwa mlango wenye bawaba kavu, kwa sababu siku hiyo mlango halisi wa studio ulikuwa umetiwa mafuta. Zamu yake iliwekwa mwisho, wengine wakishaondoka, na fundi mitambo alidai kwamba kipaza sauti kikishapokea ukelele mmoja wa mama huyu huhitaji kulala hadi asubuhi.

Umalkia aliupata kwa sifa hiyohiyo. Katika sehemu kumi na mbili za kwanza Malkia alikuwa na kauli tatu tu: mbele, pigeni, angamieni. Bi Mayowe alizivuta kutoka kisiginoni, zikapita tumboni, zikatoka zimekamilika. Watoto wa mtaani kwake walimpigia saluti akienda sokoni.

Ndipo ikaja nusu ya pili. Mitambo haimo. Vita havimo. Malkia amefumba mdomo, ametazama mikono yake, na kwa dakika ishirini tunasikia anachokiwaza: kama hakuna wa kuamrisha, yeye ni nani? Mtafsiri alidhani karatasi zimechanganyika. Bosi wa studio akawaandikia wenye katuni barua ya kulalamika kwamba wametuma mzigo usio wenyewe. Wakamjibu kwa adabu nyingi kwamba mzigo ni uleule, ila sasa hadithi imeingia nafsini.

Bosi hakuwa na ugomvi na nafsi, mradi apate mtu wa kuisoma. Akamwita mwigizaji mmoja wa jukwaani, mwanamke mwenye stashahada, aliyesomea kulia kwa miaka mitatu na kufaulu. Bi Mayowe akaambiwa ahsante, atarejea kwenye umati na milango.

Hapo akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa miaka kumi na sita: aliomba. Alimfuata bosi hadi ofisini akasema kwamba hataki sifa wala cheo. Anataka, kabla hajastaafu, aseme sentensi nzima, yenye koma ndani yake. Bosi akacheka, kisha akaona haya kwa kucheka. Akampangia ajaribiwe Ijumaa, yeye na yule msomi, ukurasa mmoja.

Wiki hiyo nyumbani kulikuwa na kazi. Bi Mayowe alisimama mbele ya kioo cha kabati akijaribu kulia kisomi. Kilio chake kilitoka kizima kizima, kama anayewaita majirani wamkamate mwizi. Wifi yake, dada wa mumewe aliyekuwa akiishi nao na kufundisha hesabu shule ya jirani, alimuuliza kutoka jikoni aliyekufa ni nani, ili ajue kama avae nyeusi. Hadi Jumatano jioni Bi Mayowe alikuwa amekata tamaa na sauti imemkauka.

Alhamisi alasiri alikuwa akipiga pasi mashati ya mumewe. Wifi akapita na ndoo, akasimama mlangoni, akasikiliza.

"Kola hii nayo," Bi Mayowe alikuwa akisema polepole, bila kuinua macho. "Miaka ishirini nanyoosha kola za huyu mwanamume, hata siku moja hajaniuliza napenda rangi gani. Na napenda rangi gani mimi? Sijui. Haya, mkono wa kushoto."

"Wifi, unaongea na nani?"

"Na mimi."

"Mbona hulii sasa?"

"Nilie nini, si napiga pasi."

"Na huyo Malkia wako, yuko peke yake chumbani, hana hata mgeni. Anamlilia nani?"

Bi Mayowe aliiweka pasi wima. Aliitazama hadi wifi akamkumbusha kwamba umeme unaliwa bure.

Ijumaa msomi alitangulia. Alilia vizuri mno. Chozi lilidondokea karatasi na wino ukatambaa. Bosi akafuta miwani. Kisha Bi Mayowe akaingia, akapanga karatasi, akasoma kama mtu anayejiuliza kama amefunga dirisha.

"Nimeshinda vita vyote, na sasa jioni sijui nikae wapi."

Bosi akaashiria kupitia kioo cha chumba cha fundi kwamba sauti haijaingia, arudie. Fundi mitambo akatikisa kichwa bila kugeuka.

"Imeingia. Mwache."

Akaachwa. Kwenye skrini Malkia alitazama mikono yake, na ile sauti ikaendelea taratibu, haimwombi mtu chochote. Bosi, aliyekuwa amesimama, akatafuta kiti. Ukurasa ulipoisha hakuna aliyekumbuka kuzima taa nyekundu ya kurekodi. Msomi akakunja leso yake, akaitia mkobani.

"Shoga," akamwambia Bi Mayowe, "mimi nimelia ili nionekane. Huyo kwenye kiti ni wako."

Bosi akaingia ndani, akafunga kifungo cha koti, akatoa hotuba. Alisema leo Bi Mayowe ameshuka hadi kilindi cha upweke wa binadamu. Alisema sanaa ina siku zake na hii ni mojawapo. Alisema sehemu zote kumi na mbili zilizobaki ni zake, neno kwa neno, hadi Malkia atakapoinuka au dunia itakapokwisha, na akamuuliza, kwa sauti ya msikitini, moyo wake unasema nini katika saa kama hii.

"Nashukuru, bosi," alisema Bi Mayowe. "Ila kuanzia kesho herufi ziwe kubwa kidogo. Macho yangu si ya juzi."