Sufuria Langu na Kalenda ya Jumuiya

Jamani, mimi nimeaibika. Siyo ile aibu ya kujikwaa sokoni ukainuka ukajipangusa vumbi ukaendelea na safari, hapana, hii yangu ililia kwenye simu za watu wote kwa mpigo mmoja, katikati ya sala, na mimi nimefumba macho kama mtakatifu. Tinde nzima inajua, kwa hiyo bora niwasimulie mwenyewe kabla hamjaisikia kwa watu wa kuongeza chumvi.

Mimi ni katibu wa jumuiya yetu, ile tunayosali nyumba kwa nyumba kila Jumamosi jioni, na shida yetu kubwa ilikuwa kwamba watu hawakumbuki wiki hii tunasali kwa nani. Tunatangaziana kanisani, tunaandikiana vikaratasi, na bado utakuta nusu ya watu wako nyumba moja, nusu nyumba nyingine, na mwenyekiti wetu Mzee Shija kakaa peke yake nyumba ya tatu na rozari yake mkononi. Nikasema hili nitalikomesha mimi. (Nikishaamua jambo nimeamua, hata mume wangu siku hizi hanibishii, ananisogezea kiti tu anikalishe nipunguze moto.)

Dawa nilikuwa nayo mkononi: kalenda ya kwenye simu. Alinifundisha Rehema, mwanajumuiya mwenzetu anayeuza simu na chaja pale stendi, na kwa mwezi mzima nilikuwa naandika humo mambo yangu yote, siku ya kusaga mahindi, siku ya kuwapa pacha wangu dawa ya minyoo, na (hapa ndipo penye kidonda) visingizio vyangu. Mimi ni msahaulifu, nikimwambia mtu sababu hii leo, kesho namwambia nyingine, nakamatwa mchana kweupe, kwa hiyo nilikuwa naviandika ili nisijichanganye.

Kimoja kilimhusu Mama Neema. Mama Neema ni jirani yangu, na niseme ukweli, ni zaidi ya ndugu. Nilipojifungua Kulwa na Doto nikiwa hoi kitandani, ndiye aliyenifulia nguo za watoto miezi miwili bila kuulizwa wala kuombwa, na tangu hapo haniiti jina, ananiita "mayu", kama anavyomwita mama yake mzazi. Lakini Krismasi iliyopita aliazima sufuria langu kubwa, lile la kupikia wali wa shughuli, likarudi limeungua chini na halina mfuniko. Sikumwambia kitu. Nilinuna moyoni tu, na niliposikia binti yake anapata kipaimara nikajua anakuja kuliazima tena, siku tutakayosali kwake. Nikaandika kwenye simu, saa kumi na moja jioni, maana sala huwa imekwisha na watu wanaanza kuombana vyombo: "Mama Neema akiulizia sufuria, mwambie limetoboka."

Sasa siku ya kuwashirikisha wanajumuiya kalenda yao, Rehema akanionyesha simu yangu akasema, "Mama Kulwa, hapa zipo mbili, moja ya Jumuiya, nyingine ina jina lako. Unashirikisha ipi?" Wateja walikuwa wanamsubiri, na mimi sipendi kuonekana sijui, nikamwambia lete, namalizia mwenyewe. Nikatia tiki zote mbili. Mwenzenu nilifikiri ile yenye jina langu ndiyo inayowaonyesha watu kwamba katibu ni mimi! Baada ya misa Rehema akapita simu kwa simu, akaweka kengele ilie kwa kila mtu, na akaiweka sauti ya juu, kwa agizo langu.

Dalili zilikuwepo, ni ubishi wangu tu. Jumatano nikakutana na mama mmoja njiani, "Mama Kulwa, mahindi umeshasaga?" Alhamisi mwingine, "Pacha wamekunywa dawa ya minyoo?" Na mimi natembea kifua mbele, nasema moyoni hakika jumuiya yangu inanipenda.

Jumamosi tukasali kwa Mama Neema. Watu walijaa mpaka mikeka haikutosha, wote kwa wakati, na Mzee Shija akanishukuru kwa Kisukuma mbele ya wote. "Katibu wetu wabeja sana, umetutoa gizani." Kisha akaanza kuongoza sala, na sala za Mzee Shija mnazijua, anaombea kila shamba na kila ng'ombe kwa zamu. Saa kumi na moja ikatukuta bado tumepiga magoti.

Simu zikalia. Zote! Mifukoni, kwenye vikapu, chini ya kanga. Mzee Shija akaitoa yake, akainyoosha mbali na macho, akashindwa kuisoma, akampa Rehema aliyekuwa karibu naye.

"Soma kwa sauti, binti yangu. Hilo ni tangazo la jumuiya."

Rehema alisoma kwa sauti yake ya masomo ya kanisani, na mpaka anafika mwisho ndipo akaelewa anasoma nini. "Mama Neema akiulizia sufuria, mwambie limetoboka."

Nikasikia kuku wanaparua nje.

"Ipo na nyingine," akasema Mzee Shija, "hiyo ya chini." (Hiyo niliiandika bila saa, ikakaa hapo kutwa bila kulia.)

"Baba, tuache."

"Soma."

"Leo anaongoza Mzee Shija. Kula ushibe kabisa kabla ya kwenda."

Mzee alivua kofia aliyokwisha kuivua, yaani alishika kichwa kitupu, akasema, "Tumalizie kwa Baba Yetu." Ndiyo mara ya kwanza tangu tumjue kufupisha sala. Mimi nilikuwa natamani ardhi inimeze. Watu wengine walikuwa wanabana vicheko mpaka mabega yanatikisika, lakini Mama Neema hakucheka. Aligawa chai, akanifikia, akaniwekea kikombe bila kuniangalia.

"Karibu chai, katibu."

Katibu! Hilo ndilo lililoniumiza kuliko simu zote.

Kesho yake baada ya misa nilichukua mchanga na jivu nikasugua lile sufuria mpaka likang'aa, nikalitwika kichwani. Mume wangu akasema nipitie njia ya nyuma, nikakataa. Nilijiaibisha mbele za watu, nitajisafisha mbele za watu. Nikapita katikati ya stendi, mchana, na wenye bodaboda walikuwa wameshapata habari. "Mama Kulwa! Limeshazibwa?" "Halijatoboka!" nikawajibu, kila mmoja, sikumruka hata mmoja.

Nilipofika kwa Mama Neema sikuanza na maneno. Nikaliweka uani, nikachota ndoo ya maji nikamimina, tukasimama wawili tunaangalia chini. Halikuvuja hata tone.

"Nilikudanganya kabla hujaniomba," nikamwambia. "Niliudhika na Krismasi, nikakosa ujasiri wa kusema. Nisamehe."

Akaingia ndani, akatoka na mfuniko wangu umepinda kama chapati iliyokunjwa.

"Uliangukiwa na jiwe la mafiga," akasema. "Niliona haya kukuletea hivi. Nilikuwa natafuta mwingine wa kukulipa. Ungeniambia tu, mayu."

Nililia pale pale, na wala sioni haya kulisema hilo.

Wali wa kipaimara ulipikwa kwenye sufuria hilo, tukalifunika na sinia. Rehema amenifundisha kutenganisha kalenda, na nimeapa siandiki tena kwenye simu kitu ambacho Mzee Shija hawezi kusomewa kwa sauti. Yangu nimefuta yote, isipokuwa lile moja la sufuria, nalo sikulifuta, nimelibadilisha. Kila Jumamosi saa kumi na moja simu za jumuiya nzima zinalia, na zinasema: "Sufuria la Mama Kulwa ni zima. Mwenye shida aje."