Uso wa Dada Yake

Nilitoka Kenya nikiwa muuguzi katika kikosi cha madaktari wa macho. Baada ya Mbinga mjini tulishuka hadi Lituhi, tukapewa madarasa ya shule karibu na ziwa tufanyie upasuaji.

Miongoni mwa wagonjwa alikuwapo mama mzee ambaye mtoto wa jicho alikuwa amemziba macho yote mawili tangu bintiye akiwa mdogo. Binti ndiye aliyemleta, akimwongoza kwa mkono. Sasa alikuwa mtu mzima, anauza mitumba, biashara iliyokuwa imeanza kufika hadi huko ufukweni. Mama alizungumza Kinyasa, binti akinitafsiria.

Asubuhi ya kufungua bandeji nilimketisha mama karibu na dirisha. Nilikuwa nimezoea wagonjwa kucheka, hata kupiga vigelegele. Yeye aliitazama mikono yake kwanza, akaigeuzageuza. Kisha akamtazama binti aliyepiga magoti mbele yake, akajivuta nyuma mpaka kiti kikagonga ukuta. Akasema jambo kwa sauti ndogo. Nilimwuliza binti amesema nini.

"Anasema sauti ni yangu, lakini uso ni wa dada yake."

Dada huyo wa mama alizama ziwani akiwa na umri kama wa binti huyu, na mwili wake haukupatikana. Picha yake haikuwapo, wala hakuna aliyewahi kumwambia binti kwamba amefanana naye.

Mchana ule mama alikunywa uji huku amefumba macho. Binti akisema, anaitikia vizuri, anamwita mwanangu. Akifumbua macho, ananyamaza. Daktari alimpima, akaridhika kwamba anaona sawasawa. Tukaondoka kwenda kituo kingine.

Tangu hapo, kabla ya kufungua bandeji, mimi huwaomba ndugu wasubiri nje kidogo. Wenzangu hudhani ni kwa ajili ya usafi.

Mwaka uliofuata tulirudi Lituhi. Nilimkuta mama akianika usipa, dagaa wa huko, akiwatoa mchanga mwenyewe. Nikamwamkia shikamoo, akanishika mikono yote miwili, akanishukuru kwa Kiswahili alichojifunza kwa ajili hiyo. Nilifurahi. Binti akanisindikiza hadi kwenye gari, nikamwuliza wanaishije.

"Vizuri, sista. Ila jioni mama huniita kwa jina la yule dada yake marehemu. Mwanzoni nilikuwa nakataa, analia. Sasa naitika."