Urwiri Juu ya Mashini

Nilipofika kwa mume wangu nilikuwa na vitu viwili vya maana: kantini, yaani sanduku la chuma, iliyojaa vitenge vya harusi, na mashini ya kushona niliyoachiwa na mama yangu. Mume wangu alikuwa mwalimu, na mwalimu wa Uvira miaka ile alifundisha kwa moyo tu. Kwa hiyo niseme mapema: mashini ile ndiyo iliyokuwa inapika. Siku iliposimama, sufuria nayo ilisimama.

Mama yake mume wangu aliishi nasi. Alikuwa mjane, mkulima wa Luberizi, mtu wa Kirundi aliyeshuka mjini bila kupenda mji. Jina lake silitaji. Kwetu mukazana, yaani mke wa mwana, hataji jina la mukwe wake, na hata leo ambapo hayupo ulimi wangu unakataa. Nilimwita mama, naye aliniita mukazana, na kwa sauti aliyoitumia nilijua kama siku hiyo ananipenda au la.

Nyuma ya nyumba yetu, upande wa mto Mulongwe, palikuwa na bustani ndogo iliyoshikwa yote na urwiri. Asiyeujua urwiri ana bahati yake. Juu unaona majani mafupi, mapole, hayana hata mwiba. Chini kuna mizizi myeupe yenye vifundo, ncha zake kali kama sindano, inatambaa pande zote bila kuomba njia. Ukiung'oa leo, kesho kutwa uko palepale. Na kwa watu wa uwanda wa Ruzizi bibi arusi hapimwi kwa upishi. Anapimwa kwa urwiri. Wanapita nje ya ua, wanachungulia bustani, na wakiona majani yale wanauliza kwa upole kama bibi arusi anaumwa.

Mimi ni mtoto wa mjini, na hasira zangu ziko karibu. Nilishika jembe, nikaukatakata urwiri ule siku mbili mfululizo mpaka udongo ukabaki mweusi na mzuri. Nikanawa mikono, nikarudi kwenye mashini yangu nikiwa na maringo. Mvua ikanyesha. Baada ya siku chache mama mukwe alichukua kigoda chake, akakaa pembeni ya bustani, akaniita.

"Mukazana, haukulima. Umepanda."

Na kweli nilikuwa nimepanda. Kila kipande nilichokata kilikuwa kimetoa jani lake. Pale ulipokuwa urwiri mmoja sasa ulikuwa kumi.

"Weye unakata na kasirani," aliniambia. "Urwiri inapenda muntu wa kasirani. Kaa chini. Shika muzizi, ufuate mpaka kwake. Ukikatika, umeshindwa."

Alinipa kijiti kilichochongwa. Unalegeza udongo kwa kijiti, unafuata mzizi kwa vidole, unautoa mzima, unautandika juu ya jiwe mpaka ukauke na kulia kama kuni za kuwashia. Kisha unauchoma chini ya sufuria ya maharage. Ilinichukua misimu miwili kuisafisha bustani ile, na ndani ya misimu hiyo kitu kilinishika ambacho sikukitegemea. Nilianza kutaka kuujua ule mdudu wa majani.

Nikitaka kujua jambo situlii, hiyo ni tabia yangu. Nilichukua vipande vya urefu mbalimbali, nikavipanda katika kopo la maziwa. Kipande cha urefu wa kidole kiliota. Cha urefu wa ukucha kiliota. Kisichokuwa na kifundo kilioza. Kingine nilikisahau wiki nzima katika droo ya mashini, kati ya vifungo na uzi, na nilipokitia majini kikaamka. Mume wangu alisema nimeanza kufuga. Siku moja nilichimba kiazi kitamu nikakuta mzizi wa urwiri umeingia upande huu na kutokea upande ule, umenyooka, haukupinda hata kidogo. Nilikaa na kiazi kile mchana kutwa nikisahau gauni la mteja. Nilijiuliza ni nguvu gani hiyo, ya kitu ambacho naweza kukikata kwa kucha. Nilipaswa kukikumbuka kiazi hicho baadaye, wala sikukikumbuka.

Kisha vita ile ya kwanza ikaja. Haikuja kwa ghafla, ilikuja kwa miguu. Kwanza walipita watu wa Kamanyola, mbali kaskazini kwetu, na magodoro kichwani. Baada yao walipita watu wa Luberizi, karibu zaidi nasi, na mama mukwe alisimama barabarani akiuliza habari za ndugu zake mmoja mmoja. Aliporudi ndani hakuzungumza habari za ndugu. Aliangalia mashini.

"Hii hauwezi kubeba," alisema.

Kichwa cha mashini kilikuwa chuma kitupu. Watu wote mjini walikuwa wanazika vitu: masufuria, radio, baiskeli zilizofunguliwa. Lakini waporaji nao hawakuwa wajinga. Tulisikia kwamba wanamwaga maji chini, na panapoyanywa haraka ndipo wanapochimba. Udongo uliofukuliwa jana unajisema wenyewe. Jirani yetu alizika vyake jikoni, akasawazisha, akawasha moto juu, akaona amemaliza.

Mama mukwe alichagua mahali katikati ya bustani, hatua nane kutoka mpapai. Tulichimba asubuhi mapema, tukijifanya tunatoa mihogo. Niliipaka mashini mawese, nikaifunga kwa kitambaa, nikaizungushia shitingi, lile turubai la plastiki la wakimbizi. Ndipo alipouliza: "Na kantini?"

Alitaka nitoe vitenge vyangu, mashini ilale ndani ya chuma. Nilikataa. Kantini ile nilitaka niibebe, ndiyo iliyosema kwamba niliolewa kwa heshima. Nikamwambia shitingi inatosha. Aliniangalia kidogo, akasema ni mashini yangu.

Tulipofukia na kukanyaga, aliondoka na beseni. Alirudi nalo limejaa urwiri mbichi. Alikuwa ameuomba kwa jirani, na jirani alitoka hadi kwenye ua kumtazama, kwa kuwa hakuwahi kuona mtu anaomba urwiri.

"Panda," aliniambia.

Nilifikiri amechanganyikiwa. Misimu miwili, mgongo wangu, kucha zangu, na sasa nipande. Nilimwambia hapana, na nilimwambia kwa sauti ambayo mukazana hapaswi kuitumia. Hakukasirika.

"Weye njo unajua kukata vipande. Kata. Banajeshi banatafuta udongo mupya. Urwiri inazeesha udongo."

Nikakaa chini nikakata. Vipande vya urefu wa ukucha, kila kimoja na kifundo chake, na kila kimoja nikakisukuma kwa kidole juu ya mashini ya mama yangu. Machozi yalikuwa yananitoka na wakati huohuo, niseme ukweli, nilitaka kuona vitachukua siku ngapi. Ilikuwa wakati wa mvua. Vilichukua siku sita. Siku ya kumi na mbili mahali pale palionekana kama hapajaguswa tangu babu wa mtu. Siku ya kumi na nne tukakimbia kuelekea kusini, tukifuata ziwa, kantini juu ya kichwa changu. Siku ya tatu njiani niliiacha chini ya mti, shingo haikuweza tena.

Tulikaa kwa watu miezi minane. Nilifua, nilitwanga mihogo ya wengine, nilishona kwa mkono mpaka vidole vikakataa sindano. Kila jioni mama mukwe aliniuliza, "Hatua ngapi?" Nami nilijibu, "Nane, mama. Kutoka mpapai." Wengine husali. Sisi tulikuwa na hatua nane.

Tuliporudi ilikuwa kiangazi. Nyumba haikuwa na mlango wala mabati. Jikoni kwa jirani palikuwa shimo ambalo ng'ombe angeingia. Katika bustani yetu walichimba mara nne, zote pale palipokuwa na matuta ya mboga, kwenye udongo laini. Kwingine kote ulikuwa urwiri. Ulikuwa umetoka juu ya mashini na kula bustani yote, mkeka mmoja kutoka ua hadi ua. Na mpapai haukuwepo. Ulianguka, ukaoza, kisiki chake sikukiona.

Niliogopa kuliko nilivyoogopa bunduki. Bila mashini tungekula nini? Mume wangu alitaka tuchimbe bustani yote. Lakini wanajeshi walikuwa bado wanapita mtaani, na familia inayochimba kila mahali inatangaza kwamba ina kitu. Ilitubidi kuchimba mara moja, na tusikosee.

Mama mukwe, ambaye macho yake yalikuwa yameanza ukungu, alikaa kwenye jiwe.

"Minye sioni vizuri," alisema. "Weye njo ulikuwa unachunguza hii majani mu kopo. Basi chunguza."

Nilichunguza siku tano. Asubuhi urwiri wote ulikuwa wa rangi moja. Saa saba, jua likiwa kali, niliona kitu. Sehemu moja, ndogo kama mkeka wa mtoto, ilikunjamana majani kabla ya kwingine. Kesho yake vilevile. Siku ya tatu ilikuwa imeanza kuwa ya njano. Nilijiuliza kwa nini urwiri, ambao unanywa maji ya chini kabisa, uone kiu mahali pamoja tu. Kisha nikaelewa, nikakaa chini. Mizizi ilikuwa imeshuka, ikakuta shitingi, ikakosa njia ya kwenda kwenye maji.

Nilimweleza mama mukwe. Alicheka taratibu. Halafu akapanga kazi. Nisiende pale moja kwa moja. Nianze kupalilia kutoka ukingoni, kila siku kidogo, kama bibi arusi yeyote. Siku nilipokaribia, wanajeshi wawili walisimama kwenye ua. Mmoja akauliza tunatafuta nini. Mama mukwe akainua fimbo yake kwangu.

"Angalia huyu mukazana muvivu. Aliacha urwiri inakula parseli, kiwanja ya mutoto wangu. Huko kwenu banakubali mwanamuke wa hivi?"

Akaendelea, uvivu wangu, mama aliyenilea, namna ninavyokaa. Maneno mengine niliona si ya mchezo, yalikuwa yamengoja tangu harusi. Damu ilinipanda. Niliinamisha kichwa nikafuata mzizi. Wanajeshi walicheka, mmoja akanipa pole, wakaenda zao.

Saa moja baadaye kijiti changu kiligusa shitingi.

Tuliipeleka ndani katika beseni, juu yake majani ya sombe, yaani kisamvu. Nilipoifungua nilikumbuka kiazi. Mizizi mingi ilikuwa imeishia juu ya plastiki, lakini michache ilikuwa imetoboa, imenyooka, ikapita kwenye kitambaa, ikaingia kwenye matundu ya mashini. Maji yalifuata njia hiyohiyo. Gurudumu halikuzunguka. Ndani kulikuwa na kutu na mizizi myeupe, imezunguka vyuma kama uzi uliovurugika. Kantini ingeizuia. Nililia kwa sauti, nikasema ni mimi, ni kiburi changu na vitenge vyangu ambavyo wala sikuwa navyo tena. Nikashika gurudumu nilivunje.

Mkono wake ulikuja juu ya wangu.

"Shika muzizi," alisema. "Ufuate mpaka kwake."

Nilifanya kazi siku tisa kwa sindano na mafuta ya taa. Yeye alikaa kando, ananishikia kibatari cha mafuta kisichowashwa, nachovya, nafuta, natoa mzizi mmoja mzima, namkabidhi, naye anaupapasa kama umekatika. Siku ya tisa gurudumu lilisogea kiasi cha upana wa kidole. Mchana lilizunguka. Mshono wa kwanza ulipinda vibaya sana. Ulikuwa upindo wa kitenge chake, na alikivaa hivyohivyo miaka yote iliyobaki, akikataa niurekebishe.

Bustani niliisafisha tena, ila alinikataza kugusa pembe moja, kubwa kama mkeka. Alisema ni mbegu. Wapita njia waliichungulia pembe ile, wakaniuliza kwa upole kama ninaumwa. Alikufa kitandani mwake, wakati wa utulivu, na siku ya matanga mashemeji walitaka kuisafisha pembe hiyo. Nilisimama mbele yake na jembe mkononi.

Mashini ile imesomesha watoto wanne. Bado inashona, ingawa inalalamika.

Mwezi huu watu wa Kamanyola wamepita tena na magodoro kichwani. Sikungoja watu wa Luberizi. Mwanangu alinitafutia kantini ya chuma, ya zamani, mfuniko wake unafunga vizuri. Mashini iko ndani, kantini iko chini, hatua kumi na moja kutoka jiwe kubwa, kwa kuwa jiwe halianguki. Leo asubuhi nilienda kwenye pembe na beseni.

Mke wa mwanangu ni mtoto wa mjini, amesoma, ana hasira zake. Misimu hii miwili ameisafisha bustani yangu kwa kucha zake. Alipoona ninachokipanda alisimama mlangoni, akashika kiuno, akaniuliza kwa sauti ambayo mukazana hapaswi kuitumia kama nimechanganyikiwa.

Nilimwambia akae chini, nikampa kisu. Nikamwonyesha kifundo.