Gari Jepesi la Baba

Baba yangu alikuwa fundi wa magari Mpwapwa, na mpaka leo ana gari moja tu: dogo, la viti viwili, halina paa, lililotengenezwa enzi zile kwa ajili ya mashindano ya mbio. Bodi yake ni bati jembamba la alumini. Mzungu mmoja, daktari wa mifugo, alimwachia alipokuwa anarudi kwao. Ni gari hilohilo alilokuwa akiendea kumposa mama, aliyekuwa akiishi chini ya kilima ambacho baba alikuwa akikipanda nalo kila alipotoka kwao.

Mwaka jana, mama akiwa ameshatutoka, baba alinipigia simu nikiwa nyumbani kwangu mjini, Area D. Hakuzunguka mbuyu. Alisema uzee umeanza kumwibia kumbukumbu, na kabla haujamaliza anataka gari lipande tena kile kilima. Nikamwahidi.

Ujuaji mwingi, mbele kiza. Huku kwetu gari halijawa gari mpaka lipelekwe kwa fundi likaimarishwe, maana barabara zetu nani asiyezijua? Nikamleta mchomeleaji kutoka mjini. Akafunga springi za pikapu, bampa la bomba, na bamba nene la chuma chini ya sakafu. Nilimsimamia mwenyewe, tena nikimhimiza aongeze.

Siku ya majaribio gari lilifika nusu ya kilima, likakohoa, likazima. Tukarudi kinyumenyume, baba pembeni yangu. Tulipofika chini alishuka, akashika pua ya gari kwa mikono miwili, akajaribu kuinyanyua. Wapi!

"Mimi na mama yako tulikuwa tunainyanyua huku tunacheka," akasema. "Wepesi ndio ulikuwa nguvu yake, mwanangu. Wewe umelifanya pikapu."

Jamani, niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Nikachukua likizo. Wiki mbili nilikata na kung'oa mwenyewe vyuma vyote nilivyoongeza, na baba akakaa kwenye kigoda akitafuna karanga na kunielekeza kwa kidole. Alinitania kwamba kama ningekuwa mwanafunzi wake angenifukuza siku ya kwanza. Sikuchukia. Kusema kweli, tangu mama afariki sikuwa nimefurahi kiasi kile.

Jumapili, baada ya ibada, tukalipeleka gari chini ya kilima, mbele ya nyumba ya kwao mama. Baba akaishika tena pua ya gari upande mmoja, mimi upande wa pili. Ikainuka. Nikawasha, nikamwita apande. Akakataa. Nilitaka kukasirika: kazi yote ile ilikuwa kwa ajili ya nani?

"Miaka yote nilikuwa ndani," akasema. "Aliyekuwa akilisikia kutoka hapa ni mama yako. Leo na mimi nisikie."

Nikapanda peke yangu. Gari lilikwenda bila kusita, likinguruma mpaka kileleni, na mimi nikipiga kelele za furaha kwa umri wangu huu.

Niliporudi nilimkuta amekaa kwenye jiwe la kizingiti cha kwao mama, anafuta macho.

"Kumbe ndiyo maana alinikubali," akasema.