Tulipoufukuza Moshi Jikoni

Siku yangu ya kwanza kazini Kitui, miaka ya themanini ilipoanza, nilivaa tai. Mhandisi wa Wilaya alinitazama kutoka juu hadi chini, akanipa rula na futi ya kupimia. "Kijana, ulifikiri utachora nyumba mpya? Hapa pesa ya nyumba mpya hakuna. Utachora zile ziko, tuone vile zitakula kuni kidogo." Nilivunjika moyo, nasema ukweli. Nilikuwa nimesomea kuchora ghorofa.

Kazi ilianza kwa kutafuta mahali joto linapopotelea: moto ulio wazi, sufuria isiyokaa sawa, kuni mbichi. Kisha tulipanga dawa yake, yaani meko ya matofali yanayoikumbatia sufuria hadi shingoni, dohani ya kutolea moshi, na banda la kukaushia kuni. Siku hizi vijana husema wanapunguza hewa ya kaboni kwenye majengo. Sisi tulisema kuni.

Mwaka huo nilitumwa kwenye shule ya bweni ya wasichana karibu na Matinyani. Mwalimu Mkuu, mama mrefu asiyecheka ovyo, alinipokea mlangoni pa jikoni.

"Chifu amekataza kukata miti, na ako na haki, mlima imebaki mawe," alisema. "Nikikosa kuni nitafunga bweni. Na kwa hii njaa, wasichana wakienda nyumbani wengine wataozwa, mahari ilete chakula. Hawarudi."

Tulijenga meko wakati wa likizo. Mhandisi aliagiza moshi wote utoke nje, nami nikaziba kila ufa. Muhula ulipofunguliwa, kuni zilidumu kuliko nilivyothubutu kutarajia, na wapishi wakaacha kufuta machozi. Nilitembea Kitui mjini kama bwana harusi.

Kumbe juu ya jiko lile palikuwa na dari ya fito, na shule iliweka mahindi yake humo. Ukambani mahindi hukaa juu ya moshi ili wadudu fukusi wasiyaguse. Mhandisi nami tulilelewa chini ya dari kama hizo, lakini kwenye ramani tuliiona dari tu.

Haukupita muda mrefu, Mwalimu Mkuu akaingia ofisini kwetu na kumwaga mahindi mezani. Yalikuwa yanatembea.

"Injinia, angalia! Imekuwa unga na bado haijafika posho mill! Nilitoroka kukosa kuni, sasa nakosa chakula. Nirudishie moshi yangu!"

Niliogopa sana. Tukivunja meko, kuni zingeisha. Tukiyaacha, mahindi yangeisha. Vyovyote vile, wasichana wangepanda lori kwenda nyumbani.

Mhandisi akaangua kicheko. "Mama yangu kule Kalamba angenichapa leo," alisema. "Kijana, leta ramani. Huu moshi ukitoka, upitie kwa mahindi kwanza."

Tuliipitisha dohani ndani ya dari na kuiwekea kidirisha cha bati. Mpishi akikifungua, moshi unajaa huko juu. Akikifunga, unaenda zake nje. Mahindi yaliyosalimika yalianikwa juani, na wasichana wakayapepeta wakiimba nyimbo za kanisani, huku Mwalimu Mkuu akiwakaripia wasimwage hata punje.

Baadaye nilihamishiwa Makueni, chini ya mabosi wengine, wakali na wapole. Kila jengo nililoingia niliuliza kwanza watu wa humo wanautumia moshi wao kufanyia nini. Bosi mmoja aliniita Bwana Moshi. Sikuona ubaya.

Sasa nimestaafu, niko Mukuyuni, nina mbuzi na nafasi ya kulala mchana. Vijana wenye mipango ya kaboni hunitembelea na kuniuliza pale Matinyani tuliokoa kiasi gani. Hewa hatukuipima, kwa hiyo siwezi kuwadanganya. Nawaambia ninachokijua: muhula ule shule ilifungwa siku yake ya kufungwa, si kabla, na ilipofunguliwa tena, Mwalimu Mkuu aliita majina yote, na kila jina likaitikiwa.